Rangi Tuliyoikausha Juu ya Tembe

Juzi nilipita nyuma ya soko la Singida mjini nikamkuta fundi mmoja anapuliza rangi lori. Nilikuwa nimetumwa vifungo, kwa maana siku hizi namsaidia mama mmoja kushona nguo, na nilikuwa na haraka. Lakini ile harufu ya tapentaini ilinishika, nikasimama palepale kama mtu aliyeitwa jina lake. Fundi akaniona nimeduwaa, akaniuliza, "Dada, unaleta gari lako?" Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, maana kicheko mimi sinyimi mtu, nikaenda zangu. Dukani nikanunua vifungo vyeusi badala ya vya kahawia. Mama wa cherehani akanitazama tu, akasema, "Leo umelala ukitembea." Kweli nililala. Nililala nikaamka nyumbani kwetu, upande wa Ihanja, nikiwa mtoto mdogo, na mikono yangu ina rangi mpaka viwikoni.

Kaa basi nikusimulie. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo usinidai maneno makubwa.

Kwetu nyumba zilikuwa tembe, zile za paa bapa la udongo, ambalo mtu mzima anaweza kulifikia kwa kupanda gogo lililochongwa ngazi. Juu ya paa ndiko kulikokuwa uwanja wetu sisi watoto. Kiangazi kulianikwa mtama, kulianikwa mlenda mpaka ukawa mweusi, kulianikwa mbegu za maboga ambazo tuliambiwa tuzilinde na kuku, na tulizilinda kwa kuzila. Ukiketi pale juu unaona mawe makubwa yamelala porini kama ng'ombe waliokunywa maji wakashiba, unaona barabara nyeupe, na upepo wa kwetu unavuma huku umebeba nusu ya nchi.

Nilikuwa na mwenzangu wa kulinda mbegu. Alikuwa binti wa jirani yetu, tukilingana umri, tukilala ngozi moja, tukigombana asubuhi na kupatana kabla uji haujapoa. Baba yake alikuwa dereva. Alinunua gari dogo kutoka kwa Mzungu mmoja mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao, akalikata nyuma, akaligeuza la mizigo. Akabebea watu kuku, ngozi na asali ya Mgori, na mgonjwa akimpata njiani alimpakia bure. Mkewe alimtoa mbali, Kintinku, Ugogoni. Yule mama Kiswahili chake kilikuwa na mdundo wake, na alipotusuka nywele alituimbia nyimbo za kwao mpaka tukasahau kwamba tunavutwa.

Basi mwaka mmoja, mvua zilipokuwa zinaishia, homa ikamchukua yule dereva. Sitaeleza sana habari ile. Nakumbuka tu gari limesimama mbele ya nyumba yao, na watu wanalizunguka kwa heshima, kama kwamba nalo limefiwa.

Sasa sikiliza mambo ya kwetu. Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini mwake. Mmoja humpeleka kwa rafiki, mwingine kwa shemeji. Anayemlisha anakunywa maziwa, lakini ng'ombe si wake, ndama si wake, na kila linalompata yule ng'ombe lazima mwenyewe aambiwe. Baba yangu alikuwa rafiki wa marehemu, tena alijifunza kuendesha motokaa vitani. Tanga lilipoisha akaenda kwa yule mama, akasimama mlangoni, akasema, "Shemeji, gari hili nitakulishia."

Yule mama akajibu, "Lilishe, shemeji. Lakini jioni lilale kwangu."

Ikawa hivyo. Baba alisafiri nalo, na kila aliporudi alimpelekea yule mama sehemu yake, chumvi, sabuni, mafuta ya taa, nguo ya mtoto, na nyumbani tuliviita vitu hivyo maziwa. Jioni gari lililala mbele ya mlango wake. Naye hutoka na kitambaa, akatia matone machache ya mafuta ya taa, akalipangusa lote, kuanzia boneti mpaka nyuma, polepole, kama alivyokuwa akifanya mumewe. Likang'aa. Halafu hukaa kwenye kiti cha abiria, mlango wazi, miguu nje, mpaka giza liingie. Mimi na mwenzangu tulikuwa juu ya tembe tukimwangalia. Hakuwa analia. Hata siku ya mazishi hakulia, na mama yangu alisema kwa sauti ya chini kwamba shoga yake amemeza kilio, na kitu kikimezwa kizima hakikai vizuri tumboni.

Siku moja walikuwa wanatwanga pamoja, mimi napepeta pembeni. Mama akamwuliza kama ndugu zake hawamwiti Kintinku. Akasema, "Wananiita. Lakini nikifungua mlango asubuhi nikaliona gari pale, rangi yake ileile, najiambia ametangulia kuamka, yuko nyuma ya nyumba ananawa uso. Ndiyo maana nipo. Siku likigeuka gari jingine machoni pangu, shoga, nitafunga mizigo."

Niliacha kupepeta. Kwangu mimi maneno yale yalikuwa na maana moja tu. Yule mama akifunga mizigo, mwenzangu naye ataondoka. Kuanzia siku ile nikawa nalitazama lile gari kama unavyomtazama mtoto anayejifunza kutembea.

Na kweli likaanguka. Baba alikuwa anatoka Mgori na asali. Penye kona akakutana na ng'ombe wanavuka, akakwepa, akaliegemeza gari kwenye jiwe. Mlango wa upande wa abiria ukabonyea, na rangi ikatoka karibu yote, bati likabaki uchi. Alirudi mwendo wa konokono. Hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kwa mwenyewe.

"Shemeji," akasema, kofia mkononi, "ng'ombe wako nimemrudisha na kidonda."

Yule mama akatoka. Akaweka kiganja juu ya bati. "Watu wamepona?"

"Wamepona."

"Mungu ashukuriwe."

Akaingia ndani. Jioni ile hakutoka na kitambaa. Kesho yake hakutoka. Kisha mwenzangu akapanda kwetu juu ya tembe, akakaa bila kula mbegu hata moja, akasema, "Mama ameshusha sanduku. Anakunja nguo."

Nilishuka ile ngazi nusu kwa miguu, nusu kwa makalio, nikamwambia baba. Baba alikuwa ameshika kichwa. Akasema, "Kamwite baba yako mdogo."

Baba mdogo alikuwa fundi baiskeli pale Ihanja, mtu wa maneno mengi, mwembamba kama pampu zake. Alikuja, akalizunguka gari, akapiga mbinja. "Kaka," akasema, "nitaupaka mlango huu mpaka inzi akitaka kutua ashindwe kujua atue wapi."

"Uliwahi kupaka gari?"

"Niliwahi kupaka baiskeli. Gari si baiskeli mbili zilizooana?"

Akapanda lori kwenda mjini, akarudi na makopo kutoka duka la Mhindi, nyeupe, kijani, nyeusi na kidogo nyekundu, pamoja na chupa ya tapentaini na karatasi za msasa. Mashine ya kupulizia rangi hatukuwa nayo, na pengine hata Singida nzima haikuwa nayo. Lakini bwana afya, yule aliyezunguka kuua mbu, alikuwa na bomba la mkono la kupulizia dawa, lenye kikopo kwa chini. Baba mdogo akamwomba alitumie. Bwana afya akampa, akasema, "Usiniharibie. Mbu wa huku wananijua, wasije wakanicheka."

Wakaanza kuunyoosha mlango kwa nyundo huku baba ameshikilia gogo upande wa pili. Kisha msasa. Baba mdogo akasema sasa apewe ndoo ya maji, aoshe gari lote kabla ya kutafuta rangi. Lo! Bibi yangu alikuwa ameketi anachambua mlenda, akainuka.

"Ndoo ya nini?"

"Ya kuoshea gari, mama."

"Gari lina kiu? Linywe petroli."

Usimwone bibi mbaya. Kiangazi kile kilikuwa kikavu kupita kawaida. Visima vilikuwa mashimo ndani ya mchanga wa mto, mwanamke anaingia mpaka mabega, anasubiri maji yachuruzike, anachota kwa kata ya kibuyu. Maji yalikuwa ya watu na ndama. Hakuna aliyethubutu kubishana. Baba mdogo akalipangusa gari kwa kitambaa kikavu, na kwa kweli lilionekana safi, maana yule mama alikuwa akilipangusa kila siku.

Pale pembeni mwa mlango, msasa ulipokula, mwenzangu akainama akatazama. "Baba mdogo," akasema, "huku chini kuna bluu."

"Hilo ni shati la ndani, mtoto. Kila gari huvaa shati la ndani."

Wote tukacheka, akaendelea kusugua.

Kisha likaja lile jambo lililotushughulisha kijiji kizima, yaani rangi yenyewe ni rangi gani? Unajua watu wa ng'ombe walivyo. Hawana njano na zambarau, wana fahali na mitamba. Bibi alisema ni rangi ya yule fahali wa mjomba, wa moshi, asiyekuwa mweusi wala mweupe. Mama akasema hapana, kifua cha njiwa. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na fimbo yake akasimama, akatafakari, akasema ni mtamba fulani aliyekufa zamani, na kwamba asiyemjua yule mtamba asijisumbue. Akaenda zake akiwa ameridhika kabisa.

"Nitajieni makopo!" baba mdogo akalalamika. "Msinitajie ng'ombe! Mhindi hauzi ng'ombe!"

Lakini mwishowe alifuata fahali wa moshi. Alichanganya nyeupe na nyeusi kwa kijiti, ikawa baridi mno, kama bati jipya. Akaongeza kijani, ikawa mbichi. Akaongeza nukta ya nyekundu, ikazeeka kidogo, ikaanza kufanana. Kila mchanganyiko aliupaka kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, akatupa mimi na mwenzangu tukipandishe juu ya tembe kikauke. Maana tuligundua upesi kwamba rangi mbichi inakuchekea, ikikauka inanuna. Ile uliyoiona ndiyo yenyewe ikiwa kwenye kopo, ukija kuichukua juani unaikuta imeingia giza.

Basi tembe letu likajaa vigae. Mtama ulisogezwa. Kuku walikuja kuchungulia wakakuta si chakula, wakaondoka wamenuna nao. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunashuka na kigae, tunakiweka ubavuni mwa gari, tunakunja macho. Asubuhi kinafanana, mchana kimekuwa cheupe. Kingine mchana kinafanana, jioni kimekuwa kama tumbo la mjusi. Baba mdogo alituuliza sisi, si wakubwa, kwa sababu alisema macho ya wakubwa yametazama mambo mengi mno yamechoka. Tulijiona mabibi wakubwa. Tulisema, "Ongeza nyeusi, lakini ndogo kama chawa." Naye akaongeza chawa mmoja.

Kila usiku nilimwuliza mwenzangu, sanduku limefika wapi? Akasema, nguo za kanisani zimeingia. Siku nyingine akasema, sufuria ndogo imeingia. Nikapata kuogopa sufuria.

Mpaka jioni moja tukashusha kigae kimoja, mwenzangu akakibandika kwenye boneti, na kigae kikapotea. Sijui nikueleze vipi. Kidole chake kilikuwa pale, lakini kigae hakikuwepo. Tukamwita baba mdogo. Akaja, akatazama, akaweka kijiti chake chini. Baba akaja. Bibi akaja na mikono ina mlenda, akasema, "Huyo. Huyo ndiye fahali wa mjomba wenu."

Kupuliza kulifanyika alfajiri, kabla upepo haujaamka. Bibi, ambaye hakutoa ndoo ya maji safi, alitoa maji ya kuoshea vyombo, tukanyunyiza chini ili vumbi lilale. Mama akatoa blanketi, likafungwa kwenye miti upande wa upepo. Kioo kikafunikwa kwa karatasi za sukari. Baba mdogo akajifunga leso puani kama mwizi, akaanza kusukuma, fuu, fuu, fuu, na rangi ikatoka nyembamba kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi, ikatua kwenye bati, ikashikamana. Akapita kwa wepesi, akangoja ikauke, akapita tena. Hakuna aliyekohoa. Jogoo wetu mweupe tu ndiye aliyepita nyuma ya bomba bila hodi, akatoka upande wa pili akiwa wa moshi.

"Huyo sasa mkatieni leseni," baba mdogo akasema kutoka ndani ya leso.

Rangi ilipokauka, baba akamwita mwenyewe. Yule mama akaja akiwa ameshika mikono nyuma. Akalizunguka gari. Akarudi. Akainama. Mimi nilikuwa nimemshika mwenzangu mkono, naye amenishika, tunaumizana kucha.

"Kidonda kilikuwa wapi?" akauliza.

Baba akaonyesha.

Yule mama akatabasamu, akasema, "Mmenirudishia." Na jioni akatoka na kitambaa chake, na matone ya mafuta ya taa, akalipangusa, akakaa kwenye kiti chake, miguu nje. Sanduku lilirudi darini. Usiku ule tulikula ugali wa mtama na mlenda na maziwa ya mgando, nikaomba tena na tena, bibi akasema tumbo hili litapasuka kwa furaha ya gari la watu.

Ungeniuliza siku zile, ningekwambia hadithi imeishia hapo. Na ingeishia hapo kama nchi yetu haingepata mvua.

Ilikuja mchana, na upepo kwanza, halafu ile harufu ya udongo ambayo sijawahi kusikia mtu akiichoka, halafu matone makubwa yakapiga tembe pu, pu, pu. Tulicheza uchi uani. Bibi alitoa vyungu vyote nje, hata vilivyotoboka. Kesho yake mto ulikuwa na maji, na kesho kutwa wanawake walichota wakiwa wamesimama wima, wanacheka kwa ajili hiyo tu, ya kusimama wima.

Basi asubuhi moja yule mama akatoka na ndoo, si moja, na mche wa sabuni na kitambaa kipya. Akamwambia mama yangu, "Leo nitaliogesha gari. Tangu amefariki mwenyewe halijaona sabuni."

Akaanza na boneti. Sisi tulikuwa tunamletea maji. Alisugua, akamwaga, na maji yakatiririka chini machafu kama maji ya majivu. Akasugua tena. Kisha akasimama.

Chini ya mkono wake boneti lilikuwa bluu.

Si bluu kali. Ilikuwa bluu ya mbingu asubuhi, mvua ikishanyesha usiku. Akatazama kiganja chake, akatazama boneti, akasugua pembeni, na bluu ikaongezeka. Akawa sasa anasugua kwa nguvu, kanga imelowa, pumzi zinasikika, na kila alipopita lile gari la moshi lilikuwa linaondoka na jingine linatokea. Yale mafuta ya taa ya kila jioni, wewe! Yalikuwa yanagandisha vumbi juu ya rangi, siku baada ya siku, safu juu ya safu, na kwa kuwa liliongezeka kidogo kidogo mbele ya macho yetu, hakuna aliyeona. Fahali wa mjomba alikuwa vumbi la barabara ya Ihanja.

"Ndiyo hii," yule mama akasema. Hakuwa anasema nasi. "Ndiyo hii aliyokuja nayo Kintinku kunichukua. Mama yangu alisema mkwe amekuja na kipande cha mbingu. Ndiyo hii, nami nilishaisahau!"

Akafika kwenye mlango. Akasugua. Akamwaga maji, akasugua. Mlango ukabaki wa moshi. Ile rangi yetu tuliyoitafuta kwa kijiti na chawa, tukaikausha juu ya tembe, ilikuwa imeshika vizuri sana.

Baba alikuwa amesimama na mikono imening'inia. Baba mdogo, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, akasema haraka, "Shemeji, usijali. Bluu iko kwa Mhindi tele. Nitachanganya upya, nitapaka, wala..."

Yule mama akaketi chini. Kwenye matope, palepale, na mgongo wake ukiegemea mlango. Akalia. Sijawahi kusikia kilio kama kile, kilikuwa na sauti ya kitu kinachotoka mbali, kimetembea njia yote ya kiangazi. Mama yangu akaja, akavua kilemba, akaketi naye matopeni, akamshika. Bibi akawageukia wanaume, akasema, "Ninyi nendeni mkaangalie ng'ombe." Ng'ombe walikuwa malishoni, lakini walikwenda.

Alilia mpaka jua likafika utosini. Kisha akanawa uso kwa maji yaliyobaki kwenye ndoo, akaomba uji. Alikunywa bakuli zima, na mama akawa anamtazama anavyokunywa kama anatazama mtoto mgonjwa aliyeanza kupona.

Jioni baba akaenda kwake. Nilikuwa nyuma yake, nilisikia yote.

"Shemeji, ule mlango umekuudhi?"

"Haujaniudhi. Usiubadilishe. Mmeupaka kwa kunihurumia." Alikuwa anakunja nguo, taratibu, mtu asiye na hasira. "Nilikuwa nakaa na vumbi, shemeji. Nilikuwa nalipangusa kumbe nalizidisha. Leo nimemwona mwenyewe kama alivyokuwa, nimemlilia. Sasa nataka kwetu. Nataka kulala karibu na mama yangu."

"Na gari?"

"Ng'ombe abaki kwako. Endelea kumlisha."

Nami niliyekuwa nikiiogopa siku ambayo gari lingegeuka jingine, nilishangaa kwamba sikuweza kumchukia. Nilimwangalia tu mwenzangu, ambaye alikuwa ameketi juu ya sanduku ili lifunge.

Waliondoka barabara ilipokauka kidogo. Tulipanda nyuma, mimi na yeye, juu ya magunia, baba akaniruhusu niende mpaka penye mawe ya mwisho ya kijiji chetu. Tulikubaliana mambo mengi safari ile fupi. Kwamba hatutasuka nywele kwa mtu mwingine. Kwamba tukiona mwezi mwembamba tutaitana majina, kila mmoja kwao, na kila mmoja atasikia. Kisha baba akasimamisha, nikashuka. Gari likaenda, bluu tupu ukilitazama nyuma, mpaka pale kwenye kona, lilipogeuka, nikaona ule mlango wa moshi, halafu sikuona kitu.

Miaka ile iliyofuata baba aliendelea kupeleka maziwa Kintinku, kwa kila aliyepita Manyoni akishuka huko. Mpaka injini ikachoka, ikashindikana kabisa, vyuma vikanunuliwa na mafundi. Kwetu ng'ombe wa kulishwa akifa, aliyemlisha humpelekea mwenyewe ngozi, aione, aijue, mambo yaishe kwa heri. Baba akaufungua ule mlango, akaufunga kwenye gunia, akaniambia, "Twende." Nilikuwa msichana mkubwa sasa. Tulikwenda kwa lori mpaka Manyoni, tukapanda gari moshi, baba ameuweka mapajani. Mkagua tiketi akautazama sana.

"Mzee, gari lenyewe liko wapi?"

"Limekufa," baba akajibu.

"Pole."

"Tumekwisha poa."

Yule mama alitupokea kwa vigelegele. Alikuwa amenenepa, anauza vyungu, anacheka kwa sauti. Baba akafungua gunia, akauegemeza mlango ukutani. Yule mama akapitisha kiganja juu yake, juu mpaka chini. "Imeshika," akasema. "Fundi wenu hodari." Basi. Wakaingia ndani kula.

Nje tulibaki mimi na mwenzangu. Alikuwa mrefu kunishinda, ana mtoto mgongoni. Njia nzima nilikuwa nimepanga nitakavyomkimbilia. Tulipeana mikono. Akaniuliza habari za nyumbani, nikasema nzuri. Nikamwuliza kama huku mvua imenyesha, akasema si haba. Mtoto wake akaamka, akanitazama, akalia, naye akambembeleza kwa Kigogo, wimbo ambao nilikuwa naujua, lakini maneno yake yamenitoka. Nikatikisa kichwa kufuata mdundo tu.

Nikikaa sasa na sindano yangu nafikiri kwamba vitu vyetu vingi havikuvunjika wala kuibiwa. Tembe lile bado lipo. Barabara ipo, vumbi lipo kwa wingi. Ila wale waliokuwa wanaweza kubishana mchana kutwa juu ya rangi ya mtamba aliyekufa, wakatoka pale kila mtu na ng'ombe wake kichwani, wanapungua. Na wale wasichana wawili waliokuwa wanakunja macho pamoja, wakaona kitu kimoja kwa wakati mmoja, sijui walikwenda wapi. Siku ile Kintinku tulisimama hatua chache tu, mimi na yeye, tukitabasamu kwa adabu. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aanze kukimbia.